Makande, Dona na Dagaa: Kulisha Familia ya Same kwa Pesa Kidogo

Mpare na makande ni utani wa siku nyingi. Waache watani wacheke. Ukimwomba mtaalamu wa lishe akutajie chakula kimoja cha bei nafuu kinachoshibisha na kujenga mwili kwa wakati mmoja, hatakwenda mbali na sufuria hiyo ya mahindi na maharage. Protini, yaani ile sehemu ya chakula inayojenga misuli na kumkuza mtoto, imeundwa na viungo vidogo vidogo, na mwili unavihitaji vyote. Mahindi yana uhaba wa kimoja kiitwacho laisini, ambacho maharage yanacho kwa wingi. Maharage nayo yana uhaba wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Yakipikwa pamoja yanafidiana.

Tatizo ni kwamba makande peke yake hayatoshi. Vitamini A na C zilizomo ni kidogo mno, na madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, mwili huyachukua kwa shida. Vinavyokosekana ni vya pembeni: mboga ya majani, tunda, dagaa kidogo. Hapo ndipo wengi huuliza, "Pesa ya hivyo vyote iko wapi?" Jibu langu ni kwamba mara nyingi pesa hiyo tunayo, ila inapotea kidogo kidogo kwenye unga, mafuta, sukari na mkaa. Tuifuate huko huko, iwe unaishi Same mjini, Hedaru, Makanya au Kisiwani, au huko juu Mbaga, Suji na Chome.

Sahani nzuri inakuwaje?

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, inagawa vyakula katika makundi sita. Kuna nafaka, mizizi na ndizi za kupika, ambavyo vinatupa nguvu. Kuna jamii ya kunde pamoja na karanga na mbegu za mafuta. Kuna vyakula vitokanavyo na wanyama, yaani nyama, samaki, mayai na maziwa. Halafu mbogamboga, matunda, na mwisho mafuta, ambayo yanatakiwa kidogo tu. Si lazima yote sita yawemo katika kila mlo. Lenga siku isiishe kabla ya kuyagusa yote, na pale pesa inapobana sana, usikose walau manne.

Kwa nini tusumbuke hivyo wakati ugali unashibisha? Kwa sababu shibe haionyeshi kilichokosekana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Wengi wao hawalali njaa. Wanakula kitu kile kile kila siku.

Pesa inapotelea wapi?

Kwanza, kwenye vipimo. Anayenunua mafuta ya kula ya mia tano kila jioni huwa anayanunua kwa bei ya juu kuliko mwenye kununua lita. Jaribu mara moja nyumbani: chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, kila ukirudi dukani mimina kile kipimo humo, uone vinaingia vipimo vingapi hadi ijae. Ikiwa kipimo cha shilingi 500 kimetoa mililita 60, basi lita moja unainunua kwa shilingi 8,300 na zaidi, huku mwenzako aliyebeba chupa yake kwenda duka la jumla amelipa labda 6,000. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa sukari, mchele na sabuni. Kwenye maharage uwe macho na sado, lile kopo la rangi la lita 4. Kuna lililobonyezwa ubavuni, na kuna lililoinuliwa kitako. Kama muuzaji ana mizani, omba apime. Huo si ukorofi, ni haki ya mnunuzi, na Wakala wa Vipimo upo kwa ajili hiyo.

Pili, kwenye majira. Kwa kawaida mahindi na maharage hushuka bei baada ya mavuno ya masika, kuanzia Julai hadi Septemba, kisha hupanda kadiri tunavyoelekea mwisho wa mwaka na miezi inayofuata. Sasa nani mwenye pesa ya gunia zima mwezi wa nane, wakati ada na sare zinangoja? Wachache. Lakini watu watano wenye kikoba wanaweza kuamua kwamba mzunguko mmoja wa mwaka ni wa mahindi. Badala ya kugawana fedha, wanatuma mtu mmoja gulioni anunue magunia, wanagawana nauli, na kila mmoja anaondoka na madebe yake.

Tatu, kwenye mlima wenyewe. Same imepata bahati ambayo hatuitumii vya kutosha: mwendo wa saa chache unakutoa kwenye nyika kavu ya mtama, kunde na choroko hadi vijiji vya ukungu chini ya kilele cha Shengena, kwenye ndizi, magimbi, maharage, parachichi na tangawizi. Ndungu kuna mpunga wa umwagiliaji. Kila kitu ni rahisi pale kinapovunwa. Ukiwa mjini, nunua ndizi na parachichi siku wanayoshuka akina mama wa mlimani, tena mchana jua likianza kupinda, maana hakuna anayetaka kupanda tena na mkungu. Ukiwa juu, agiza kunde, choroko na dagaa kwa anayeshuka gulioni. Na mwenye ndugu pande zote mbili asione haya kubadilishana: debe la mahindi lipande, ndizi zishuke.

Dona au sembe?

Dona, bila kusita. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka kama pumba, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma, nyuzinyuzi na mafuta ya asili. Wewe unabaki na wanga mweupe. Tena unalipa zaidi: katika kilo 10 za mahindi, kilo 2 hadi 3 hubaki mashineni au zinakwenda kwa ng'ombe. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni pesa ya mafungu kadhaa ya mboga.

Watoto wakilalamika kwamba ugali una rangi, anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu, kisha punguza sembe taratibu. Mwombe mwenye mashine asage laini. Kwa kuwa dona ina mafuta ya kiini, huchacha mapema, kwa hiyo saga ya wiki mbili tu na uitunze kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Kabla ya kusaga kuna jambo moja ambalo halina mjadala: chambua. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyosinyaa au kutobolewa yatoe. Fangasi wa ukungu hutengeneza sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho na isiyoisha kwa kupikwa, na ambayo huharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga nazo huipata kwa urahisi. Usiseme "nitawapa kuku" au "nitampa ng'ombe", maana ng'ombe akila sumukuvu inatokea kwenye maziwa.

Utajuaje kwamba mahindi yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, bado kuna unyevu, yarudishe juani, tena juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Isipoganda, yapakie. Kuna mifuko ya matabaka matatu isiyopitisha hewa, inayojulikana kama PICS, ambayo huuzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, lakini inatumika zaidi ya msimu mmoja na huhitaji kununua dawa ya kuhifadhia, kwa sababu wadudu hufa kwa kukosa hewa. Hata dumuzi, yule mdudu aliyebainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania, hafui dafu humo ikiwa mfuko umefungwa vizuri na haujatobolewa na panya.

Makande yanakula mkaa

Hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani. Makande yaliyotiwa jikoni makavu yanaweza kuchemka nusu siku. Dawa yake ni maji na subira: loweka mahindi na maharage tangu usiku, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kila kimoja chombo chake. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya. Muda wa kupika unapungua sana, gesi ya tumboni inapungua, na baadhi ya vitu vilivyomo kwenye maharage ambavyo huzuia mwili kuchukua chuma na zinki vinaondoka na maji uliyomwaga.

Najua wengi wetu tunatia magadi ili yaive haraka. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, mojawapo ya vitu vizuri ambavyo maharage yanavyo. Ukiloweka vizuri huyahitaji.

Njia ya pili ni kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi, jaza majani makavu ya migomba, nguo kuukuu au blanketi, acha shimo la kukaa sufuria katikati. Maharage uliyokwisha kuyaloweka yachemshe kwa nguvu walau nusu saa (usipunguze, maana maharage mabichi yana sumu inayohitaji mchemko mkali ili iishe), kisha ondoa sufuria ikiwa bado imefunikwa, itumbukize kikapuni, funika juu kwa mto au blanketi. Acha saa tatu au nne bila kufunua. Yakirudi jikoni yanahitaji muda mfupi tu. Gharama yake ni kikapu ulichonacho. Mbali na hilo, pika makande ya siku mbili kwa moto mmoja. Kama huna friji, yachemshe tena vizuri jioni na asubuhi, na siku ya joto kali kama tunazozijua Same, usiyapeleke siku ya tatu.

Sasa kuhusu chai. Chai ya rangi pamoja na makande ni desturi ya wengi wetu, lakini majani ya chai huzuia mwili usichukue chuma cha kwenye maharage. Kunywa saa moja kabla au baada ya kula. Pamoja na chakula weka kinyume chake, kitu chenye vitamini C kinachosaidia chuma kuingia mwilini: maji ya ndimu, pera, kipande cha papai, juisi ya ubuyu. Na parachichi juu ya makande, kama wanavyokula watu wa milimani, ni jambo la busara, kwani mafuta yake husaidia mwili kuchukua vitamini A ya kwenye mboga.

Bila nyama inawezekana?

Inawezekana, na ushahidi uko hapo mlimani. Wamisionari wa Kisabato walifika Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti, na kati ya waumini wao wapo wanaoishi bila nyama kabisa na wanalima vilima vile vile kama wengine. Simwambii mtu aache nyama. Ninachosema ni kwamba siku isiyo na nyama si siku ya aibu.

Tufanye hesabu. Bei ninazotumia hapa ni za mfano tu, ukifika sokoni weka za siku hiyo. Tuseme nyama ya ng'ombe ni shilingi 10,000 kwa kilo, maharage 3,000, dagaa wakavu 10,000, na yai 400. Kwa shilingi 1,000 utapata kama gramu 20 za protini kwenye nyama, 15 kwenye mayai, 60 kwenye dagaa na zaidi ya 70 kwenye maharage. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku. Unaona mwenyewe pesa inakokwenda mbali.

Dagaa wana ziada nyingine: wanaliwa pamoja na mifupa yao, nayo ndiyo inayotoa kalisi, madini ya kujenga mifupa na meno yetu. Ubaya wao ni mchanga. Watoe vichwa, waloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, waoshe kwa maji mawili au matatu, kisha wakaushe kwenye kikaango kabla ya kutia kitunguu na nyanya. Ukinunua, wanuse, wachague wanaong'aa, wasiovunjikavunjika na wasio na unyevu. Kwa wenye watoto wadogo, wasage wawe unga, ukae kwenye kopo, na kijiko kimoja kitiwe kwenye makande au mboga ya mtoto. Wanaopata samaki wa Nyumba ya Mungu kwa bei nzuri, perege mdogo ni chaguo zuri vilevile.

Nyama ukiinunua mara moja kwa wiki, fikiria maini. Robo kilo iliyokatwa vipande vidogo kwenye mboga inagawanyika kwa watu watano, na ina chuma na vitamini A nyingi kuliko nyama ya kawaida. Mjamzito asiyazidishe, kidogo mara moja kwa wiki kinamtosha. Maziwa ya wafugaji wa tambarare yachemshe hata kama yametoka kukamuliwa sasa hivi, kwa sababu homa ya kutupa mimba ya mifugo na kifua kikuu hupita humo. Yakiwa machache, wape watoto kwanza.

Mboga wakati wa kiangazi

Masika mboga ni bure: majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha pori, mnavu, mgagani, mchunga, mlenda. Ajabu ni kwamba msimu huo huo utamkuta mtu dukani ananunua kabichi, ambayo ina virutubisho pungufu kuliko majani aliyoyakanyaga njiani. Vuna mengi wakati huo, chemsha kidogo kwa dakika mbili tatu, chuja, kisha yaanike kivulini penye upepo, yakiwa yamefunikwa kitambaa chepesi. Jua kali linaua vitamini A. Yakikauka kiasi cha kuvunjika mkononi, yaweke kwenye chombo kinachofunga, utayala Septemba.

Ukipika mboga mbichi, osha kwanza ndipo ukate, tia maji kidogo au usitie kabisa, funika, epua ikiwa bado ya kijani. Ile tabia ya kuchemsha na kumwaga maji ni kumwaga vitamini. Karanga zilizosagwa vijiko viwili vinatosha badala ya mafuta mengi.

Je, mwenye uwanja mdogo? Gunia moja linatosha. Changanya udongo sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Simamisha gunia, weka katikati kopo refu lisilo na kitako lililojaa kokoto, jaza udongo pembeni, kisha vuta kopo juu kidogo, jaza tena kokoto na udongo, hadi juu. Hiyo nguzo ya kokoto ndiyo itakayopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni kwa umbali wa shibiri, panda sukuma wiki au mnavu ubavuni na mchicha juu. Mchicha utaanza kuula baada ya wiki tatu au nne. Kiasi cha lita 5 hadi 10 za maji kwa siku kinatosha, na si lazima yawe masafi: yaliyooshea mboga na mchele yanafaa, ila yenye sabuni nyingi usitie. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe uliozinduliwa Machi 2025, unaovuta maji kutoka Nyumba ya Mungu, umewapunguzia wengi adha, lakini maji ya bomba yana ankara. Walio milimani wenye zamu ya ndiva, yale mabwawa ya jadi ya umwagiliaji, wasiache zamu ipite bila tuta moja la mboga kando ya mahindi na tangawizi.

Matunda nayo yana msimu wake, ufuate. Papai, embe, pera na parachichi yakishuka bei, kula hayo, usitafute tufaha la Afrika Kusini. Kiangazi kikizidi, upo ubuyu. Ule mweupe, usiotiwa rangi wala sukari, una vitamini C nyingi na kalisi, unakaa muda mrefu, na kikombe kimoja kinatoa jagi zima la juisi au hutiwa kwenye uji. Ukwaju nao unafaa.

Kapu la wiki

Chukua kaya ya watu wazima wawili na watoto watatu, kwa zile bei zetu za mfano. Mahindi kilo 12, nane za kusaga na nne za makande, pamoja na gharama ya mashine ni 12,800. Maharage, kunde na choroko kilo tatu na nusu ni 10,500. Dagaa nusu kilo 5,000, karanga nusu kilo 2,000, mafuta robo tatu ya lita 4,500. Mboga mafungu mawili kwa siku, kila fungu 500, ni 7,000. Ndizi na viazi 5,000, matunda 4,000, maziwa nusu lita kwa siku 5,250, mayai sita 2,400, nyanya, vitunguu na chumvi 4,000. Jumla ni 62,450, karibu 8,900 kwa siku, ukiacha kuni au mkaa.

Na mwenye 6,000 kwa siku? Hapo ndipo mambo yote ya juu yanapokusanyika. Mboga zikitoka kwenye gunia na kichakani, 7,000 zinabaki. Ndizi na viazi vikitoka shambani, 5,000. Maziwa yapunguzwe hadi lita mbili za watoto, yaokoe 2,250. Matunda yawe ya msimu tu, yaokoe 2,000, na mayai yawe matatu, 1,200. Mahindi yaliyonunuliwa na kikoba wakati wa mavuno kwa 700 badala ya 1,000 yanaokoa 3,600. Kapu linabaki la 41,400, chini kidogo ya 6,000 kwa siku. Angalia ambavyo sikugusa: maharage, dagaa na karanga. Hivyo vipunguzwe mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume, wanapunguza maharage na kuongeza unga.

Sukari sikuiweka kwenye kapu kwa makusudi. Watu watano wakinywa vikombe viwili kwa siku, kila kimoja vijiko viwili, zinakwisha kama gramu 700 kwa wiki. Punguza hadi kijiko kimoja na ongeza tangawizi ya kule Mamba, ladha hutaikosa. Soda, juisi za unga na biskuti ziwe za sikukuu. Chumvi nayo ina kipimo chake: kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, na watoto chini ya hapo. Pakiti ya nusu kilo kwa watu watano inapaswa kukaa wiki tatu. Ikiisha kwa wiki moja, presha inabisha hodi. Nunua iliyotiwa madini joto, kinga ya tezi la shingo, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Mtoto mdogo

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, hata maji hayahitajiki, na hakuna chakula cha bei nafuu kuliko hicho. Baada ya hapo anaendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi, huku akianza vyakula vingine: mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kisha mara 3 hadi 4.

Kuna unga wa lishe unaouzwa ukiwa na nafaka tano, karanga, soya na kila kitu. Sioni haja yake. Kadiri mchanganyiko unavyokuwa mkubwa, ndivyo nafasi ya sumukuvu na unga uliochacha inavyoongezeka. Nafaka moja iliyochambuliwa na aina moja ya kunde au karanga vinatosha. Uji uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kumwagika, maana tumbo lake ni dogo na uji mwepesi ni maji matupu. Makande yaliyopondwa vizuri na parachichi, na unga kidogo wa dagaa juu yake, ni chakula kamili cha mtoto wa miezi minane, nacho hakikuhitaji sufuria ya pili. Mpe kwenye bakuli lake, ili uone amekula kiasi gani.

Wapi pa kwenda?

Kliniki ya mama na mtoto kwenye zahanati yako hupima uzito na urefu, na huduma kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hazina malipo. Juni na Desemba hutolewa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kila baada ya miezi mitatu vijiji na mitaa hufanya Siku ya Afya na Lishe, ambapo mtoto hupimwa mkono kwa utepe wa rangi: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona miguu ya mtoto imevimba, usisubiri utepe. Tarehe muulize mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa afya wa jamii. Halmashauri ina afisa lishe, na kikundi chenu kinaweza kumwalika aje kuonyesha mapishi. Kwa mbegu na bustani, muone afisa ugani wa kata. Ukienda kliniki, beba kadi ya mtoto, na mwambie muuguzi bila kuficha nini hasa mmekula nyumbani wiki hiyo.